ASKARI WA NANI, KWA FEDHA YA NANI?



Sisi watu wa Birere, tunaokaa hatua chache kutoka mpaka wa Gisenyi, tumeona majeshi mengi ya wageni. Tumezoea kofia za buluu za Umoja wa Mataifa tangu watoto wetu hawajazaliwa. Novemba 2022 tuliona Wakenya wakishuka katika ndege kwa jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Desemba 2023 hao walifunga mizigo, na mwezi uleule wakaja wa SADC: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Kila mara tuliambiwa, "Tulieni, wenye nguvu wamefika." Tukatulia. Na mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, askari wa bendera nyingi wakiwa ndani yake.

Hatuwatukani waliokufa. Katika siku zile za Sake na Goma walikufa askari 14 wa Afrika Kusini, na wenzao wa Malawi na Tanzania. Mama zao walilia kama mama zetu. Hatuna ugomvi na askari aliyetumwa. Swali letu ni kwa waliomtuma, na kwa wale wa kwetu waliomwita.

Sisi tunaoandika haya ni makarani wa migodi. Hatukusomea vita. Mapadri walitufundisha kusoma, kuandika na kujumlisha, na mpaka leo kazi yetu ni daftari: kilichoingia upande huu, kilichotoka upande ule. Basi leo twafungua daftari la ulinzi wetu.

Kwanza tusimulie jambo dogo. Penye machimbo tulikofanya kazi zamani palikuwa na mlinzi mlangoni pa ghala. Wachimbaji walimsalimu kila asubuhi, wakampa hata chakula, maana walidhani analinda mali yao. Siku moja mchimbaji alidai mzani upimwe upya, kwa sababu mfuko wake ulikuwa umepungua kilo kadhaa njiani kutoka shimo hadi ghala. Mlinzi yuleyule alimshika shingo akamtupa nje. Watu walishangaa. Sisi makarani hatukushangaa, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukiandika mshahara wake, nao ulitoka kwa mnunuzi. Mlinzi humtii anayemlipa, hata kama anakula ugali wako.

Haya, tazameni majeshi kwa jicho hilohilo.

Jeshi la Afrika Mashariki halikuwa na mfuko mmoja. Kila nchi ililipia askari wake. Kenya ilileta zaidi ya 900, na bunge la Nairobi liliambiwa kwamba miezi 6 ya kwanza itakula karibu shilingi bilioni 4.5. Waganda wakakaa Bunagana, Warundi wakakaa Masisi, Wakenya upande wa Kibumba na mjini, na Wasudan Kusini wachache. Kinshasa ikasema, "Tumewaita mpigane na M23." Wao wakajibu, "Sisi tumekuja kusimama katikati." Nani alikuwa na haki? Makaratasi yanaweza kubishaniwa mpaka kesho. Lakini sisi twauliza neno la karani: nani alikuwa akilipa? Hatukuwa sisi. Basi amri nayo haikuwa yetu. Mwaka mmoja na kidogo ukapita, Kinshasa ikakataa kuongeza muda, wakaenda zao.

SADC nayo ilikuja na maneno makali zaidi: hawa watapigana. Afrika Kusini ilitangaza hadi askari 2,900 na gharama ya zaidi ya randi bilioni 2. Mji ulipoanguka, askari hao walifungiwa kambini kwao. Machi 13, 2025 wakuu wa SADC walifuta kazi hiyo, na kuanzia mwisho wa Aprili malori yao yalitoka kwa barabara, yakipita Rwanda. Waliokuja kutulinda waliomba njia kwa jirani yuleyule ambaye Baraza la Usalama, Februari 2025, lilimwambia aondoe jeshi lake katika nchi yetu. Nasi tulibaki hapahapa na makala yetu, chukudu zetu na madeni yetu.

Na Umoja wa Mataifa? Huo una mfuko mmoja, tena mkubwa. Kwa miaka mingi MONUSCO ilipewa zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka. Marekani peke yake ilipangiwa zaidi ya robo ya michango ya kazi hizo za kulinda amani. Kwa kila askari, serikali yake hurudishiwa zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi. Ndiyo maana nchi nyingine hupenda kutuma na hazipendi kurudisha.

Novemba 20, 2012 M23 waliingia Goma, na kofia za buluu zikatazama. Machi 2013 Baraza la Usalama, kule New York, lilitoa amri mpya na kuunda brigedi ya kushambulia, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Novemba 2013 M23 walikimbia. Je, katika mwaka ule mmoja Goma ilihama? Milima ilihama? Kilichobadilika ni amri, na amri ilibadilikia penye mfuko.

Tena tusisahau: mwaka 2013 jeshi letu wenyewe lilikuwa mbele na wageni walilisaidia. Msaada ni wa kumsaidia anayefanya kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi twampa mgeni jembe, halafu tunajilaza.

Wazee wetu waliyaona haya kabla yetu. Julai 1960 Lumumba aliita Umoja wa Mataifa. Askari wakaja, wakafika karibu 20,000. Ufaransa na Urusi zikakataa kulipa, na kesi ya gharama ikafika Mahakama ya Kimataifa ya The Hague mwaka 1962. Wakati wakubwa wanagombania hati ya deni, Lumumba alikuwa ameshauawa, Januari 17, 1961. Na Katanga je? Kampuni la Union Minière lilikuwa likilipa kodi zake kwa Tshombe. Shaba yetu ililipia mgawanyiko wetu.

Ndugu wachimbaji, badilisheni neno shaba mweke koltani. Mwisho wa Aprili 2024 M23 walichukua Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi za koltani pale ziliwaingizia karibu dola 800,000 kwa mwezi. Mgongo unaoinama shimoni ni wako. Aliyetushambulia alikuwa na mfuko, na mfuko huo ulikuwa chini ya miguu yetu. Aliyetulinda alisubiri fedha kutoka ng'ambo.

Na huko ng'ambo hesabu zao ni za ajabu. Umoja wa Ulaya uliahidi jeshi la Rwanda euro milioni 20 mwaka 2022, na milioni 20 nyingine mwaka 2024, kwa kazi ya Msumbiji. Mwaka 2023, katikati ya miaka hiyo, ulitoa euro milioni 20 kwa brigedi ya jeshi letu kule Kindu. Mkono mmoja, mifuko miwili! Atakayesema huo ni urafiki, atuonyeshe adui anafananaje.

Watatuuliza, "Bila wageni, nani angewalinda?" Swali zuri, nalo linawahukumu wanaoliuliza. Mshahara wa askari wetu ulikuwa haba, tena ulikawia njiani. Machi 2025, Goma na Bukavu zikiwa zimekwisha kuanguka, ndipo Kinshasa ilipotangaza kuongeza mishahara ya askari mara mbili. Kumbe iliwezekana! Kwa nini haikuwezekana kabla maiti hazijalala barabarani? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi hatukufa maskini tu, tulikufa.

Kwa hiyo sisi twasema hatukatai ndugu wa Afrika. Umoja wa majeshi ya Afrika ni jambo jema, kama daftari lake liko wazi. Twataka haya:

1. Mkataba wowote wa kuleta jeshi la wageni usomwe bungeni na kutangazwa kwa Kiswahili kabla askari wa kwanza hajavuka mpaka.

2. Mkataba huo utaje nani analipa, kiasi gani, mpaka siku gani, na mkuu wa jeshi hilo anamjibu nani.

3. Askari wetu alipwe kwanza, alipwe kamili, tena mkononi mwake.

4. Fedha inayotoka katika madini ya Kivu iandikwe wazi, na fungu la ulinzi lionekane humo.

Haya si maneno ya kugawa watu. Hatumchukii Mnyarwanda wa sokoni wala Mkenya wa kambini. Twachukia daftari lililofichwa.

Mchimbaji anajua kudai mzani upimwe mbele yake. Basi tudai na huu upimwe mbele yetu. Wasomeeni wasiojua kusoma, na baada ya hapo mpeni jirani karatasi hii.