Kupanga Upya Muziki wa Michezo ya Video: Kazi Isiyostahili Kupuuzwa

Hedaru ni mji mdogo wa wilaya ya Same, ulioko chini ya milima ya Upare Kusini, kando ya reli ya Tanga na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Katika mji wa namna hiyo, kijana akionekana ameinamia kompyuta chakavu, akisikiliza kipande kifupi cha muziki wa mchezo wa video mara ishirini, na kila mara akibadili sauti moja au mbili, watu wazima husema mara moja kwamba kijana huyo amepotea. Mzazi huona saa za kusoma zinateketea. Mwalimu huona mchezo. Hata mwalimu wa kwaya, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo, hutikisa kichwa.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Makala haya yanadai kwamba kupanga upya muziki wa michezo ya video, kazi ambayo maelfu ya vijana duniani huifanya kwa kupenda tu bila malipo, ni shule ya sayansi ya sauti ambayo shule za sekondari nchini zingefaa kuitumia badala ya kuifukuza. Yanadai pia kwamba kazi hiyo, ikiachwa bila mwongozo, yaweza kumfanya kijana asahau masikio aliyozaliwa nayo.

Kupanga ni nini?

Kupanga muziki si kutunga, wala si kunakili. Ni kuuchukua wimbo uliopo na kuamua upya ni sauti zipi ziuchukue, kwa ala gani, kwa mwendo gani, na lipi liachwe. Wakazi wa Upare hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa mifano ya mbali. Makanisa ya Kilutheri na ya Waadventista Wasabato yaliingia katika milima hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, na pamoja nayo ukaja uimbaji wa kwaya wa sauti nne. Kwaya nyingi za Tanzania hujifunza nyimbo zao kwa nota za do, re, mi, utaratibu ulioenezwa Uingereza katika karne ya 19 na Mchungaji John Curwen juu ya msingi uliowekwa na mwalimu Sarah Glover wa Norwich.

Mwalimu wa kwaya anapokosa waimbaji wa sauti ya tatu, hana budi kuupanga wimbo upya. Sauti nne zitoshee katika tatu. Ni ipi iachwe? Mwenye uzoefu anajua kwamba katika mwafaka wa do, mi, so, sauti ya so huweza kuondolewa bila hasara kubwa, lakini mi haiguswi, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kama mwafaka ni mkubwa au mdogo. Uamuzi wa namna hiyo ndio kiini cha ufundi unaozungumzwa hapa.

Uchache uliozaa ufundi

Watunzi wa muziki wa michezo ya video walikutana na tatizo la mwalimu huyo katika hali kali zaidi. Kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na chipu ya sauti iliyobuniwa na Bob Yannes, yenye njia tatu tu. Mtambo wa Nintendo uliouzwa Japani kuanzia mwaka 1983 kwa jina la Famicom ulikuwa na njia tano: mbili za wimbi mraba, moja ya wimbi pembetatu iliyotumiwa kwa besi, moja ya makelele iliyotumiwa kwa ngoma, na moja ya kutoa sauti fupi zilizorekodiwa. Kwa njia hizo chache Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo katika orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa hilo.

Palipokuwa na upungufu wa njia, palizaliwa werevu. Mtunzi aliyetaka mwafaka wa sauti tatu katika njia moja aliiagiza chipu itoe do, mi na so moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, hata sikio likazisikia karibu kama kitu kimoja, kama vile jicho linavyoziona picha za sinema kuwa mwendo mmoja.

Wakati muziki huo ulipokuwa ukizaliwa, Tanzania ilikuwa mbali nao. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na Tanzania Bara ilipata stesheni yake ya kwanza ya televisheni mwaka 1994. Kizazi cha leo kinaupokea muziki huo kama urithi wa wengine. Hilo si kosa; hata nota za do, re, mi zilipokewa hivyo hivyo.

Maabara ndani ya wimbo

Mwalimu wa fizikia anayefundisha mada ya mawimbi atapata hapa mifano mingi kuliko ile ya uma wa sauti peke yake. Wimbi mraba lina mtetemo wa msingi pamoja na vizidishi vyake vya namba witiri tu: mara 3, mara 5, mara 7, na kuendelea, na nguvu ya kila kimoja ni 1/3, 1/5, 1/7 ya msingi. Wimbi pembetatu lina vizidishi hivyo hivyo, lakini nguvu yake hushuka kwa mraba: 1/9, 1/25, 1/49. Ndiyo sababu la kwanza husikika kali kama zumari na la pili husikika laini kama filimbi. Mwanafunzi anayebadilisha wimbi moja kwa jingine anaisikia hesabu kwa masikio yake.

Mfano wa pili ni wa kugawanya namba. Mtambo wa Nintendo uliouzwa Japani na Marekani ulipata sauti zake kwa kugawanya mapigo ya saa yake, 1,789,773 kwa sekunde, kwa 16, kisha kwa namba nzima iliyochaguliwa na mtunzi. Sauti ya la ya kupatanishia ala ina mitetemo 440 kwa sekunde. Ukichagua namba 254, mtambo utatoa mitetemo 440.4, tofauti isiyosikika. Lakini ukitaka la iliyo oktava tatu juu yake, yaani mitetemo 3,520, namba nzima iliyo karibu zaidi ni 32, nayo hutoa mitetemo 3,495.7 tu. Pengo limefika zaidi ya mitetemo 24. Mwanafunzi na aulizwe: kwa nini kosa hukua sauti inapopanda? Akijibu swali hilo, ameelewa jambo kuhusu ugawanyaji ambalo mazoezi mengi ya ubaoni hayamwonyeshi.

Kiswahili katika tuzo

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni mambo ya wageni. Historia inawapinga. Wimbo mmojawapo uliopata heshima kubwa kabisa katika muziki wa michezo ya video uliimbwa kwa Kiswahili. Huo ni "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV uliotoka mwaka 2005. Maneno yake ni ya Sala ya Bwana, na waimbaji wa kwanza walikuwa kikundi cha Talisman cha Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2009 Tin aliutoa tena katika albamu ya Calling All Dawns, ukiimbwa na Soweto Gospel Choir, na mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ya kwanza kutolewa kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video.

Inafaa kuangalia tuzo hiyo ilikuwa ya nini. Ilitolewa katika fungu la upangaji wa ala zinazosindikiza waimbaji. Kazi ile ile ambayo kijana wa Hedaru huambiwa ni upuuzi ndiyo iliyokipeleka Kiswahili jukwaani. Tangu hapo kwaya na wapiga ala wa mataifa mengi wameupanga upya wimbo huo kwa namna zao. Hata hivyo swali linabaki: kama lugha ya Afrika Mashariki imefika huko kwa mikono ya wengine, ni lini wenye lugha watafika kwa mikono yao?

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni uvivu. Kuubandika mdundo uliotayarishwa na kiwanda chini ya muziki wa mtu mwingine, kisha kujiita mpangaji, si kupanga. Uvivu huo hukaribia pia uvunjaji wa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kupangwa upya. Kujifunza faraghani ni jambo moja. Kutangaza na kuuza ni jambo lingine, nalo lahitaji idhini. Mwalimu asisite kulifundisha hili mapema.

Hatari ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu haionekani. Programu nyingi za kupangia muziki huanza na ngazi kumi na mbili zilizo sawa ndani ya oktava. Kila ngazi ni zidisho la 1.0595 la ile iliyotangulia. Mtumiaji hudhani hizo ndizo sauti zote za dunia. Sivyo. Wataalamu wa muziki wameeleza kwamba uimbaji wa Wagogo, ule ulioletwa mbele ya ulimwengu na marehemu Hukwe Zawose, unafuata vizidishi vya asili vya mtetemo, hata cha saba. Tukianza na mitetemo 200, kizidishi cha saba kikishushwa oktava mbili huwa mitetemo 350. Ngazi ya kompyuta iliyo karibu nayo ni 356.4. Sauti hizo mbili zikipigwa pamoja, sikio husikia mpwito zaidi ya mara sita kwa sekunde. Kijana anayeuandika wimbo wa bibi yake katika programu bila kulijua hili, atausahihisha wimbo ambao haukuwa na kosa.

Lifanyike nini?

Shule nyingi haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu, na makala haya hayaombi kanuni hiyo ivunjwe. Kompyuta moja ya shule, chini ya usimamizi wa mwalimu wa fizikia, yatosha kwa klabu ya watu kumi na watano. Zipo programu za bure: MuseScore kwa kuandika nota, LMMS kwa kupanga, na Audacity kwa kurekodi na kupima mitetemo. Zikishawekwa hazihitaji intaneti kila siku. Pasipo na kompyuta, sonometa ya maabara au waya uliokazwa juu ya sanduku utaonyesha kwamba nusu ya urefu hutoa oktava.

Klabu ianze na muziki wa mchezo wanaoupenda, kwa kuwa mtoto hujifunza vema kutoka kwenye kile anachokipenda. Waupunguze kuwa njia tatu, kisha waueleze kwa maandishi kila walichokiacha. Hatua ya pili iwe ngumu zaidi: wapande Chome, Vudee au Mamba, wamwombe mzee ruhusa ya kurekodi wimbo wa Kichasu wa kulima, wa harusi au wa kubembeleza mtoto, wapime mitetemo yake kabla ya kugusa ala yoyote, na ndipo waupange. Sheria ile ile ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi zisifanywe biashara bila kibali. Kwa hiyo kazi yao na iwe ya elimu, na jina la mwenye kuimba liandikwe kwa ridhaa yake.

Mashaka kwamba wimbo wa kijijini hauwezi kukaa ndani ya chipu yaondolewe na mfano wa Tetris. Muziki wake katika mtambo wa Game Boy wa mwaka 1989, wenye njia nne tu, ulipangwa na Hirokazu Tanaka kutokana na wimbo wa Kirusi wa karne ya 19 kuhusu mchuuzi wa barabarani. Mjapani aliuchukua wimbo wa wachuuzi wa Urusi, na leo watoto wa Same huupiga mluzi bila kujua ulikotoka. Nyimbo za Upare hazikupungukiwa uzuri hata zisistahili safari kama hiyo. Zilichopungukiwa ni mtu anayejua kuzipima na kuzipanga. Wazee wanaozikumbuka hupungua kila mwaka, na kijana mwenye subira ya kusikiliza kipande kimoja mara ishirini tayari yupo darasani, akingoja mwalimu ampe kazi inayolingana na subira hiyo.