Filimbi Chini ya Kikapu Iwe ya Haki

Miongoni mwa mambo yanayozusha ugomvi katika viwanja vyetu vya mpira wa kikapu, Unguja na Pemba, ni mgongano wa wachezaji wanapougombea mpira uliokosa kuingia na kurudi kutoka kwenye ubao. Hapo watu wengi hukusanyika mahali padogo, wote macho juu, huku viwiko, mabega na viuno vikifanya kazi isiyoonekana na watazamaji. Hapo ndipo haki inapodhihiri au inapopotea, na hapo ndipo mwamuzi anapopimwa.

Yafaa kwanza tukumbushane asili ya mchezo huu. Mwalimu James Naismith aliubuni mjini Springfield, Marekani, mwezi wa Disemba 1891, ili vijana wapate mchezo wa ndani ya nyumba wakati wa baridi, usiokuwa na ukatili. Katika kanuni zake 13 za mwanzo, ile ya tano ilikataza kupiga bega, kushika, kusukuma, kutega na kupiga. Kwa hiyo anayedai kuwa kusukumana ndio uanaume wa mchezo huu, haujui mchezo wenyewe.

Hata hivyo, si kila kugusana ni kosa. Watu kumi wanaokimbia katika uwanja wa mita 28 kwa 15 hawawezi kukwepana daima, na kanuni za shirikisho la dunia, FIBA, zinakubali hivyo. Zinampa kila mchezaji nafasi yake mfano wa pipa lililosimama: mbele huishia kwenye viganja vyake, nyuma kwenye makalio, na ubavuni kwenye kingo za mikono na miguu yake. Ndani ya pipa hilo anayo haki ya kusimama na ya kuruka wima. Anayetoka katika pipa lake na kumgonga mwenziwe aliyemo katika lake ndiye mwenye dhima. Basi mwamuzi ajiulize mambo mawili: nani ameacha nafasi yake, na je, mgongano huo umemnyima mwenziwe nafasi aliyostahiki? Ikiwa wameguswa tu kwa bahati na hapana aliyepunjwa, filimbi na inyamaze.

Lipo kosa la hukumu ambalo halina budi kukomeshwa. Mchezaji mrefu akinyoosha mikono juu ya kichwa cha mfupi na kuudaka mpira, watazamaji hupiga kelele kwamba amempanda mgongoni, na baadhi ya waamuzi huzifuata kelele hizo. Urefu si dhambi. Hasheem Thabeet, kijana aliyetokea Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya NBA mwaka 2009. Mtu wa kimo hicho hawezi kuadhibiwa kwa sababu mikono yake imefika mahali ambapo ya wenziwe haikufika. Kosa huwapo pale kifua au mkono wake unapomsukuma aliye mbele akaondoka mahali pake.

Na aliye mbele naye asijidhani kuwa amepewa hati ya kumiliki uwanja. Kumziba mpinzani kwa mgongo ni halali, na ni ufundi mzuri. Lakini anayerudi nyuma kwa nguvu za kiuno hadi amtoe mwenziwe chini ya kikapu, au anayemnasa mkono ili asiruke, amefanya kosa sawa na yule aliyesukuma kutoka nyuma. Mizani ya haki haina upande mmoja.

Uzito wa hukumu hii ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mpira ukishatoka mkononi mwa mtupaji kwenda kikapuni, hapana timu inayohesabiwa kuumiliki. Kwa hiyo kosa la kusukuma hapo, liwe la mshambuliaji au la mlinzi, huhesabiwa katika makosa ya timu, na tangu la tano katika robo moja aliyekosewa hupewa mitupo miwili huru. Mchezaji naye akifikisha makosa matano hutoka. Filimbi moja ya upendeleo yaweza kugeuza matokeo, na filimbi moja iliyonyamazishwa kwa woga yaweza kumvunja kijana goti. Anayerukiwa angani hana pa kujishikia.

Waamuzi wanapokuwa wawili, aliye mbali auangalie mpira unavyokwenda, na aliye kwenye mstari wa mwisho aiangalie miili. Wote wawili wakiutazama mpira, hapana anayewaangalia wachezaji. Tena kipimo cha dakika ya kwanza kiwe ndicho cha dakika ya mwisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta: msukumo wa kwanza ukiachwa, wa pili utajibiwa kwa kiwiko, na wa tatu kwa ngumi.

Hayo hayapatikani kwa kuwalaumu waamuzi peke yao. Tunawaomba wahusika wa michezo Serikalini na viongozi wa vyama wahakikishe kuwa kanuni zinapatikana kwa Kiswahili fasaha, kwamba mafunzo ya waamuzi yanafanyika Pemba kama yanavyofanyika Unguja, na kwamba mwamuzi anayevuka bahari analipwa nauli na posho yake kwa wakati. Mwamuzi anayekula kwa hisani ya timu mwenyeji hawezi kuwa huru. Viongozi wanaohudhuria michezo nao wasiisogelee meza ya waamuzi kutoa amri.

Kwa wananchi, neno letu ni fupi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake; kila mtu huiona haki upande wa mtaa wake. Ndiyo maana amewekwa mtu wa tatu mwenye filimbi. Na aifunze kazi yake, aifanye bila ya woga, na sisi tumwachie aifanye. Vijana wanaoona hukumu ya haki uwanjani watajifunza kuitaka na kuiheshimu popote watakapokuwa.