Ngazi za Mama na Jiwe la Mazeras



Sisi tunaojenga nyumbani tukiwa ugenini twaijua raha ya picha. Mwaka jana kakangu wa Mombasa alinitumia picha za ua wa mama: jiwe la Mazeras, kahawia na manjano, limetandikwa hadi kwenye ngazi za baraza. Hapa Birmingham niliwaonyesha hata majirani. Nikatuma pesa zilizobaki.

Haikupita wiki, mama akajikwaa kwenye kipandio cha kwanza. Alishika nguzo, akaumia goti tu, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo akawa hapiti mbele. Alitumia mlango wa jikoni, na barazani alikozoea kukaa na wenziwe jioni hakuonekana tena.

Nilipokwenda likizo nilichukua tepu nikapima. Kipandio cha kwanza sentimita 21, viwili vya katikati 16, cha mwisho 11.

"Fundi, mbona havilingani?"

"Dada, ngazi nilizikuta sawa, 16 kila kipandio. Mawe ndiyo yameongeza."

Alisema kweli. Ua aliuchimba kwanza, ukabaki usawa wake wa zamani, na sakafu ya baraza haikuguswa. Lakini ngazi aliziwekea jiwe juu ya zege lile lile. Jiwe na udongo wa saruji chini yake ni sentimita 5. Kipandio cha chini kikarefuka kwa 5, cha juu kikapungua kwa 5. Mguu uliozoea 16 kwa miaka hauulizi.

Ukingo nao ulikuwa na yake. Kipandio cha chini ni cha nusu duara, na fundi alijaza mzunguko kwa vipande vyembamba, viwili tayari vyatikisika. Pale grenda ilipokata, jiwe lilikuwa kali kama kisu.

Tuliamua kurudia. Mawe yaling'olewa na zege likachongwa kwa tindo hadi likashuka sentimita 5. Kwa duara tulipiga msumari katikati, tukafunga uzi na kuuzungusha na chaki. Mawe yalipangwa kwanza bila saruji, yakipita nje ya mstari, na viungo vikielekea kwenye msumari. Kipande cha ukingoni kilichokuwa chembamba kuliko kiganja kilitolewa, likawekwa jiwe kubwa zaidi. Ndipo tukakata kwa diski ya almasi, kidogo kidogo, mkato juu ya mkato, maji yakimwagwa. Maji hayo si ya kupoza diski tu. Mazeras ni jiwe la mchanga, na vumbi lake huharibu mapafu pole pole. Fundi avae barakoa ya vumbi, si kitambaa.

Ukingo uliokatwa uligongwa kwa tindo ili ufanane na uso wa jiwe, kisha makali yakaondolewa kwa jiwe la kunolea. Uso wa juu haukusuguliwa ukalainika, maana mvua ikinyesha ungeteleza. Kila jiwe lilikalia udongo uliojaa chini yote, si mafungu matano ya saruji na uwazi katikati, na kila kipandio kilipewa mteremko mdogo wa mbele ili maji yasituame.

Basi wewe uliye Muscat, London au Minneapolis, kabla ya kutuma malipo ya mwisho omba picha nyingine. Tepu isimamishwe mbele ya kila kipandio, namba zisomeke. Ukingo upigwe picha kwa karibu. Mtu akanyage kila jiwe la pembeni huku ukimtazama kwa video. Na kabla kazi haijaanza, muulize fundi: "Jiwe likishakaa, kila kipandio kitakuwa na kimo gani?" Asipokuwa na jibu, asianze.

Nililipa kazi moja mara mbili, na kakangu bado ananitania. Siku ya kurudi Birmingham nilimwona mama akitoka kwa mlango wa mbele na mkeka kwapani. Alisimama juu ya ngazi, akashuka vipandio vyote, akapanda tena.

"Haya mwanangu," akasema, "sasa sitazami chini."

Tukutane toleo lijalo.