Kaboni Haichimbwi Mahenge Peke Yake

Siku hizi nawasikia wasomi wetu wakitamba kwamba kompyuta za kesho zitaundwa kwa kaboni, na kwa kuwa Mahenge tuna madini ya kinywe tele, basi zamu yetu imefika. Mimi naipinga furaha hiyo, tena naipinga nikiwa hapa Magoma, chini ya milima ya Usambara, ambako ndoto ya namna hiyo ilikwisha kufa mara moja.

Kinachosemwa ni hiki. Mwaka 1991 Mjapani Sumio Iijima alieleza habari za vibomba vya kaboni vyembamba mno, hata makumi ya maelfu yakilazwa ubavu kwa ubavu hayazidi unene wa unywele. Wataalamu wanatumaini vitashika nafasi ya silikoni ndani ya chipu. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Stanford kiliunda kompyuta ya transista 178 za vibomba hivyo. Mwaka 2019 wenzao wa MIT wakapita 14,000.

Lakini ndugu zangu, vibomba hivyo havingoji kinywe chetu. Kwa kawaida hutengenezwa kwa gesi yenye kaboni, ikipitishwa katika joto kali juu ya chembechembe za chuma. Kaboni imo hata katika masizi ya koroboi! Kazi imo katika kuchambua. Vikishatoka, kama theluthi moja hupitisha umeme ovyo kama waya, havizimiki, na vichache tu vya aina hiyo huvuruga hesabu nzima. Kuvitenga na kuvipanga sawasawa, hiyo ndiyo mali.

Sisi wa mkonge tungelijua hili kabla ya wengine. Mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikasalimika 62 tu. Kufikia 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000. Tukauza marobota. Kisha wanakemia wa ng'ambo wakasokota kamba kutokana na mafuta ya petroli, bei ikaporomoka, wala jani la mkonge wa Magoma halikuwa limepungua ubora. Wapo wanaolaumu utaifishaji wa 1967. Nao ulichangia, sikatai, ila bei ilianza kushuka kabla yake.

Basi kila anayenihubiria kinywe humwuliza: mtoto wako wa sekondari amewahi kushika bomba la majaribio, au amelichora tu kutoka ubaoni? Wengi hunijibu kwa kunitajia bei ya kinywe.