GTA 6: Uhuru wa mchezaji ni upi, na kwa nini gemu hiyo haimo kwenye simu yako?

Ukipita senta ya Nyamuswa jioni, ng'ombe wakiwa wamesharudi zizini, utawakuta vijana wameinamia simu moja. Mmoja anacheza, wanne wanaelekeza. "Pita huku!" "Acha hiyo gari, chukua pikipiki!" Huenda wanacheza San Andreas, gemu iliyotoka mwaka 2004 na kuletwa kwenye simu mwaka 2013. Wengi wanamjua mhusika wake CJ kama wanavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga.

Siku hizi vijana hao hao wanatumiana linki kwenye WhatsApp: "GTA 6 ya simu imetoka, pakua bure." Haijatoka. Katika makala haya tunaeleza gemu hiyo ni ipi, kwa nini ahadi yake ya uhuru inawavuta watu wengi, na kwa nini linki hizo zinaweza kuigharimu familia nzima.

Ni gemu gani hii?

GTA ni kifupi cha Grand Theft Auto, mfululizo wa gemu unaotengenezwa na kampuni ya Rockstar Games. Toleo la tano lilitoka Septemba 2013, na hadi sasa nakala zake zilizouzwa duniani zimepita milioni 200. Ndiyo maana toleo la sita linasubiriwa kwa hamu kubwa.

Kusubiri huko kumekuwa kurefu. Filamu fupi ya kwanza ya kulitangaza ilitoka Desemba 2023, ikisema gemu itakuja mwaka 2025. Mei 2025 kampuni ikasogeza tarehe hadi 26 Mei 2026. Novemba 2025 ikasogeza tena, hadi 19 Novemba 2026. Wahusika wakuu ni wawili, Lucia na Jason, na mambo yanatokea katika jimbo la kubuni liitwalo Leonida, lililofanana na Florida ya Marekani.

Gemu hiyo imetangazwa kwa mashine mbili: PlayStation 5 na Xbox Series. Simu haimo katika tangazo hilo.

"Dunia wazi" maana yake nini?

Gemu za zamani zilikuwa kama daladala: njia moja, vituo vinavyojulikana, ukishuka umeachwa. Gemu ya dunia wazi inafanana zaidi na kutembea kwa miguu. Ukitoka Nyamuswa unaweza kushika njia ya Bunda, unaweza kuelekea Butiama, unaweza kukata kwenye mashamba au kukaa chini ya mti usifanye lolote. Mchezaji anapewa ramani kubwa, kisha anaamua mwenyewe aende wapi na afanye nini kwanza.

Lakini uhuru mtupu unachosha haraka. Mtu akiweza kila kitu tangu dakika ya kwanza, hana cha kutafuta. Kwa hiyo watengenezaji wanaweka hatua: leo huna uwezo huu, kesho utaupata ukijitahidi. Kazi ngumu ni kuvipatanisha vitu hivyo viwili, uhuru wa kwenda popote na hatua za kupanda.

Wazee wetu wanalijua jambo hili. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji ana kete 32. Anaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi. Wakati wa namua, anaingiza kete moja moja, na sehemu za kuiweka ni chache. Kete za mkononi zikiisha, mchezo unaingia mtaji, na hapo anaweza kuanzia shimo lolote lenye kete mbili au zaidi, mbele au nyuma, ilimradi afuate kanuni. Uhuru unapanuka kadiri mchezo unavyosonga. Hakuna anayeruka namua aende mtaji moja kwa moja. Mwalimu Nyerere wa Butiama, aliyependa sana bao, naye aliipita njia hiyo kama mchezaji mwingine yeyote.

Gemu zimelitatua vipi?

San Andreas ilitumia ukuta na mwili. Ukianza, uko katika mji mmoja tu, Los Santos. Ukijaribu kuvuka kwenda miji mingine kabla ya wakati, polisi wanakuandama kwa nyota nne. Ukitimiza kazi ulizopewa, njia zinafunguka. Wakati huohuo mwili wa CJ unakumbuka maisha yake: akila ovyo ananenepa, akifanya mazoezi anajenga misuli, akiendesha sana anakuwa dereva bora. Wengi waliicheza wakiwa wadogo wakakumbuka zaidi mazoezi ya CJ kuliko hadithi yenyewe.

Toleo la tano, la mwaka 2013, lilifungua karibu ramani yote mapema na kumpa mchezaji wahusika watatu. Hata hivyo, lawama kubwa dhidi ya Rockstar ilibaki: nje ya kazi uko huru, lakini ukianza kazi unashikwa mkono. Fuata gari hili, simama hapa, piga kutoka kule. Ukibuni njia yako, gemu inakuambia umeshindwa. Lawama hiyo ilirudi tena mwaka 2018 kwa gemu yao nyingine, Red Dead Redemption 2.

Kampuni ya Nintendo ya Japani ilijaribu njia tofauti mwaka 2017 kwa gemu ya Zelda iitwayo Breath of the Wild. Baada ya sehemu fupi ya mafunzo, mchezaji anaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwa adui wa mwisho. Hakuna ukuta. Ila asiyejiandaa atapigwa. Anayekuzuia hapo ni udhaifu wako mwenyewe.

Karibu zaidi na sisi, Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau. Aliyeianzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, akiwa na majonzi ya kufiwa na baba yake. Wahusika wake wanaweza kusikika wakizungumza Kiswahili. Ramani yake si dunia wazi kamili, lakini inafundisha vizuri maana ya hatua: unafika mahali huwezi kupita, unaondoka, unapata uwezo mpya, unarudi na kupita. Kijana wa Mara akiisikia kwa lugha yake mwenyewe, ataelewa kwamba gemu si lazima ziwe za wizi na bunduki.

Swali kwa GTA 6 basi ni hili: je, ndani ya kazi zenyewe mchezaji ataruhusiwa kufikiri? Ramani kubwa peke yake haitoshi. Shamba la ekari mia lenye njia moja tu ya kupita bado ni njia moja.

Kwa nini linki ni hatari?

Hapa ndipo jambo linapogusa mfuko. San Andreas ya simu, gemu ya zamani, inachukua zaidi ya gigabaiti 2. Toleo la tano kwenye kompyuta linahitaji zaidi ya gigabaiti 60. Ukiona faili la megabaiti 100 linaloitwa GTA 6, hesabu inakataa. Ndani yake kuna kitu kingine.

Watu hawa hutumia njia mbili hasa. Ya kwanza ni ukurasa unaosema "thibitisha kuwa wewe ni binadamu", kisha unaomba namba ya simu. Ukiijaza, unaweza kujikuta umeunganishwa na huduma inayokula salio lako. Ya pili ni programu yenyewe. Inakuomba uruhusu simu kupokea programu kutoka nje ya Play Store, kisha inaomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako na kuona kinachoandikwa kwenye kioo. Gemu haina sababu ya kusoma ujumbe wako. Mwizi anayo, kwa sababu namba za uthibitisho za benki na za mitandao ya fedha huja kwa ujumbe.

Katika nyumba nyingi za vijijini simu janja ni moja. Jioni ni ya kijana na gemu yake, asubuhi ni ya baba na fedha za pamba, au ya mama na mchango wa kikoba. Kijana akibonyeza linki, anafungua mlango wa wote.

Ufanye nini?

Pakua gemu kutoka Play Store tu, na soma jina la kampuni iliyoitengeneza. Usiruhusu gemu yoyote isome ujumbe wako.

Kama umeshaweka programu ya aina hiyo, zima data na uiondoe. Hamishia laini yako kwenye simu nyingine, ubadilishe namba ya siri ya fedha hapo. Piga 100 uzungumze na huduma kwa wateja wa mtandao wako. Namba ya tapeli aliyekutumia ujumbe iripoti kwenda 15040. Ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Kwa wazazi tunaongeza neno moja. Matoleo yaliyotangulia ya GTA yamewekewa alama ya watu wazima katika nchi yalikouzwa, kwa sababu ya mauaji, matusi na mambo ya ngono. Kumnyang'anya mtoto simu kunamaliza ugomvi wa siku moja tu. Kaa naye umuulize anacheza nini na kwa nini anakipenda. Mara nyingi atakuambia ni kwa sababu humo anaamua mwenyewe, anajaribu, anashindwa, anarudia, na anaona amepiga hatua. Hayo ni mambo mazuri kwa kijana kuyatamani. Tumsaidie ayapate na nje ya simu pia, shuleni, shambani na uwanjani, huku salio la nyumbani likibaki salama.