Hatamu Haivutwi: Kujifunza Kupanda Farasi Ukubwani

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Methali hii imekaririwa mno hata yeyote aliyeukaribia umri wa miaka 30, na ambaye bado angependa kuufunza mwili wake jambo jipya, huhesabiwa kuwa amekwisha kukauka. Makala haya yanashikilia kwamba, kwa upande wa kupanda farasi, methali hiyo ina ukweli nusu tu. Aidha, yanadai kuwa mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza kazi hiyo ukubwani hupata zaidi ya burudani: huyagusa kwa mkono maneno ambayo sisi wengine huyatamka kila siku bila kuyaona.

Tulichukue neno hatamu. Kila baada ya uchaguzi, redio na magazeti yetu hutangaza kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi. Nasi katika tahakiki zetu huandika kuwa mhusika fulani ameshika hatamu za jamii yake. Tukiulizwa hatamu ni nini, wengi wetu tutajibu kwamba ni madaraka. Ilhali hatamu ni ukanda tu, unaouunganisha mkono wa mpandaji na lijamu, yaani kile chuma kinachotiwa kinywani mwa farasi. Kwa kuwa tumekisahau chombo chenyewe, tumejiaminisha kwamba kushika hatamu ni kukaza ngumi na kuvuta.

Mtu mzima anayeanza kupanda farasi hukutana na kinyume cha imani hiyo siku ya kwanza. Mtoto huanguka, akajikung'uta vumbi na kucheka. Mtu mzima ana kazi, ana kodi ya nyumba, na anajua fika gharama ya kuunga mfupa uliovunjika. Hofu hiyo humfanya ainame mbele, akaze mapaja na kuing'ang'ania hatamu kama mfa maji. Farasi naye ni mnyama wa kuwindwa; macho yake yako kandoni mwa kichwa na kinga yake kuu ni mbio. Mwili uliokakamaa mgongoni mwake humwarifu kuwa kuna hatari. Isitoshe, lijamu hulala juu ya ulimi na ufizi, pale pasipo na meno, hivyo kuivuta kwa nguvu ni kumwumiza. Akiumia huinua kichwa na kukaza shingo, na hapo huanza mashindano baina ya mtu wa kilo 70 na mnyama wa kilo 500. Mshindi hahitaji kutajwa.

Ndiyo maana walimu wengi humnyima mwanagenzi hatamu hizo kwanza. Farasi hufungwa kamba ndefu, mwalimu akasimama katikati na kumzungusha, huku mwanafunzi akijifunza kukaa tu: visigino chini, mabega yametulia, macho yakitazama mbele. Katika shule mashuhuri ya Vienna nchini Austria, ambayo historia yake huanzia karne ya 16, wanagenzi hufunzwa hivyo kwa miezi mingi, bila hatamu wala vikuku vya kukanyagia. Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kuonya kwamba farasi asikabiliwe kwa hasira. Mkono hupewa hatamu baada ya kiuno kujifunza utulivu.

Anayedhani kuwa haya hayawezekani ukubwani na amkumbuke Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23, aliugua polio iliyomwacha akiwa amepooza miguu kuanzia magotini kwenda chini. Alianza upya kujifunza kukaa juu ya farasi. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alisaidiwa kupanda na kushuka, lakini alitwaa nishani ya fedha katika shindano alilowania pamoja na wanaume. Mwaka 1956 akatwaa nyingine. Kama kumwongoza farasi kungekuwa ni kumbana na kumvuta, mama huyo asingefika popote.

Katika zizi moja pembezoni mwa Nairobi ninakojifunza, mwalimu wangu bora ni mzee aliye saisi, yaani mtunza farasi. Kila nikikaza mikono huniambia, "Mwanangu, mwachie kichwa." Sijasoma tahakiki yoyote ya sitiari ya hatamu iliyonifaa kuliko maneno hayo matatu. Mzee huyo hutofautisha mwendo wa taratibu, mwendo wa kurushwarushwa na shoti, kila mmoja kwa jina lake, na huyatumia maneno lijamu na seruji kama sisi tunavyotumia kalamu na daftari.

Je, haya yanamhusu nini msomi wa fasihi? Yanamhusu sana. Katika tendi zetu za vita, ukiwemo Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, mashujaa huenda vitani juu ya farasi. Madarasani sisi huwapita wanyama hao haraka, tukiwahesabu kuwa pambo la utendi. Lakini msomaji aliyewahi kukaa juu ya seruji anajua kwamba shujaa anayepigana kwa mkono mmoja lazima amwongoze mnyama wake kwa mwili, na kwamba mnyama huyo amekubali kuielekea hatari ambayo maumbile yake yanamwamuru kuikimbia. Ushujaa katika ubeti wa namna hiyo ni wa wawili.

Yamkini msomaji ataniuliza: huu si mchezo wa matajiri? Swali hilo ni la haki. Mashindano ya farasi yalianza Nairobi mwaka 1904 kwa ajili ya walowezi, na hadi leo ada ya somo moja si ya mfuko wa mwanafunzi. Siwezi kudai kwamba kila mmoja wetu alipe. Hata hivyo, tusisahau kwamba nyuma ya kila mchezo huo wamesimama masaisi, Wakenya wanaoifanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Kwenda kuwasikiliza, kuuliza na kuandika hakuhitaji ada. Na aliye Lamu ana punda mlangoni pake; naye pia ana kinywa kinachoumia.

Ninapendekeza, basi, kwamba chama chetu kiandae safari ya utafiti katika mazizi hayo, tukusanye msamiati wa masaisi kabla wazee wenye maneno hayo hawajatutoka. Na wewe unayetayarisha tasnifu, utakapoandika tena kuwa mhusika ameshika hatamu, usikome hapo. Tuambie ameishikaje: anavuta, au ameachia kichwa? Jibu lake litatueleza ni kiongozi wa aina gani, na huenda likatufunza namna ya kuwapima wale tunaowakabidhi hatamu zetu wenyewe.