Zau Akienda Sinema, Aende na Kiswahili Chake

Gemu likishapendwa, swali linalofuata ni moja: filamu yake inatoka lini? Lara Croft wa Tomb Raider aliingia sinema mwaka 2001, Assassin's Creed ikafuata mwaka 2016, Lara akarudi mwaka 2018, na Uncharted ikaja mwaka 2022. Zote ni filamu za pesa nyingi, za mbio na hatari. Gemu ambalo sisi tungependa lifuate njia hiyo ni Tales of Kenzera: Zau, lililotoka Aprili 2024. Lakini tuna sharti.

Kwa wanachama ambao hawajalicheza, gemu hili ni la Surgent Studios ya Uingereza. Mwanzilishi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa huko mwenye asili ya Kenya, aliyempa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins. Salim ameeleza hadharani kwamba hadithi hii ilitokana na kifo cha baba yake. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na wanapatana: Zau akimletea roho watatu wakuu, baba atarudishwa. Mmoja wa roho hao ni Impundulu, ndege wa radi, ambaye hapa KwaZulu-Natal hahitaji kutambulishwa. Na kubwa kuliko yote kwa klabu yetu: gemu lote unaweza kulicheza huku wahusika wakisema Kiswahili.

Sharti letu ni hili: filamu ikitengenezwa, Zau na Kalunga wazungumze Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na tafsiri ipite kwa maandishi chini ya skrini. Tusipewe salamu mbili tatu, kisha kila mtu ahamie Kiingereza chenye lafudhi ya "Kiafrika" ambayo haina kwao.

Tuna sababu ya kuwa na wasiwasi. Gemu linapogeuzwa filamu, kuna vitu vinavyoachwa njiani, na mara nyingi Afrika ni mojawapo. Uncharted 4 ya mwaka 2016 ilimtembeza mchezaji Madagaska, jirani yetu katika Bahari ya Hindi. Filamu ya Uncharted ilichota mambo kutoka gemu hilo, lakini safari yake ikaenda Barcelona na Ufilipino. Lugha nayo huponea chupuchupu. The Lion King ya mwaka 1994 ilisambaza "hakuna matata" dunia nzima, lakini Simba na Rafiki, pamoja na majina yao ya Kiswahili, karibu muda wote huzungumza Kiingereza. Black Panther ya mwaka 2018 iliipa isiXhosa heshima zaidi, ila mazungumzo mengi yalibaki Kiingereza. Lugha zetu zinatiwa kama kotmiri juu ya pilau: zinanukia vizuri, lakini hakuna anayeshiba kotmiri.

Tena filamu inamnyang'anya mchezaji kitu ambacho haiwezi kumrudishia. Kwenye gemu wewe ndiye unayebonyeza, unaanguka, unakufa, unaanza upya, na ukaidi wa Zau wa kukataa msiba unakuwa ukaidi wako. Sinema utakaa kwenye kiti tu, utazame. Kinachoweza kuvuka kikiwa kizima ni sauti yake. Hiyo nayo ikibadilishwa, tutabaki na kijana mwingine anayeruka majabali.

Sisi tuliolelewa na Kiswahili mbali na pwani tunaelewa uzito wa jambo hili. Nyumbani Kiswahili ndicho cha kuitiwa chakula, kugombezwa na kuombewa dua. Ukitoka mlangoni, hapa Berea, ni Kiingereza na isiZulu. Mtoto anayekua hivyo huzoea kidogo kidogo kwamba lugha ya wazazi wake haivuki kizingiti. Baba anamsemesha kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza. Sasa hapa kuna kijana anayebishana na mauti yenyewe kwa Kiswahili, akikasirika na kuomboleza, kwa ajili ya baba. Mtu anayetaka kurudishiwa baba yake amwite kwa lugha ambayo baba huyo alimlea nayo.

Tutaambiwa filamu ya mamilioni ya dola hairudishi pesa zake bila Kiingereza. Jibu halipo mbali. Uzalo, tamthilia ya KwaMashu iliyoanza mwaka 2015, inasemwa hasa kwa isiZulu, na kwa miaka kadhaa imeongoza kwa watazamaji nchini. Shaka iLembe ya mwaka 2023 ilileta vita na majeshi kwa isiZulu, na watu wakaifuata. Tukitoka nje ya Afrika, Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, ya Kichina, ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 17 ikaingiza zaidi ya milioni 200. Watu husoma maandishi chini ya skrini hadithi ikiwashika.

Mafundi nao wapo. Sehemu kubwa ya Tomb Raider ya mwaka 2018 ilipigwa Cape Town, na milima na bahari ya nchi hii vikageuzwa kisiwa cha karibu na Japani. Nchi iliyoweza kuwa Japani haitashindwa kuwa Kenzera. Waigizaji wa Kiswahili wako Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, na safari ya kuja huku si ndefu.

Kwa hiyo walimu wetu na wenzetu klabuni, kabla filamu haijazungumzwa, tulicheze gemu hili pamoja, na lugha iwekwe Kiswahili. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Zau amecheza kwao. Zamu ya kumtunza ni yetu.